Thairoidi iliyokusumbua baada ya kujifungua, itaje kabla ya mimba nyingine

Kinamama wanaokuja kwangu kupanga mimba ya pili au ya tatu nawauliza wote swali moja, ule mwaka wa kwanza baada ya kujifungua ulikuwaje? Basi wanaanza kukumbuka, moyo ulikuwa unaenda mbio, mikono inatetemeka, akakonda ghafla, halafu miezi michache mbele mambo yakageuka, uchovu, baridi, nywele zinabaki kwenye kitana, na kila mtu anamwambia ni kulea tu. Inaweza kuwa kulea kweli, ila wengine ni kinga ya mwili imeishambulia tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayotengeneza homoni za kuendesha mwili.

Wengi wanapona ndani ya mwaka. Lakini ikishakupata mara moja ina uwezekano mkubwa wa kurudi uzazi unaofuata, na kuna ambao tezi inabaki dhaifu kimyakimya, yani TSH, homoni inayoisukuma tezi ifanye kazi, iko juu kidogo, T4, homoni ya tezi yenyewe, iko sawa, mwenyewe anajiona mzima kabisa. Sasa mimba ikiingia, tezi ya mama inatakiwa itengeneze homoni karibu nusu zaidi ya kawaida, manake mtoto anaanza kutengeneza yake kwenye wiki ya 12 hivi na hata hapo bado anaitegemea ya mama. Tezi iliyochoka inakwama hapo, na wengi wanakuwa hata kliniki hawajaanza.

Sikutishi, wengi wenye tatizo dogo wanajifungua salama. Hatari ya mimba kutoka au mtoto kuzaliwa njiti inaongezeka kiasi, hasa ukiwa na kingamwili za TPO, yani alama kwenye damu kwamba kinga ya mwili inaishambulia tezi. Wala simpi kila mtu dawa, utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2017 ulionyesha kuanza dawa mimba ikishakua hakukubadilisha akili za watoto walipofika miaka 5. TSH ikipita 10 hapo sina mjadala, natibu.

Na kama tayari unameza levothairoksini, ile dawa ya kujazia homoni ya thairoidi, siku kipimo cha mimba kikisema ndiyo mpigie daktari wako siku hiyohiyo, dozi mara nyingi inapanda kwa asilimia 25 hadi 30, halafu damu inapimwa kila wiki 4 mpaka katikati ya mimba.

Mama mmoja TSH yake iligoma kushuka, nikaongeza dozi, wapi. Nikamwambia aje na dawa zake, akatoa kimfuko kimoja, levothairoksini na vidonge vya kuongeza damu vimechanganyika humo, anavimeza pamoja kila asubuhi. Madini ya chuma yanaizuia dawa isiingie mwilini. Tukavitenganisha kwa saa 4, kipimo kilichofuata kikashuka.