Jinsia Jukwaani: Yanayosemwa na Yalivyo

Siku mhadhara wa chuo Kisumu au Maseno unapohusu jinsia, maswali mengi unayajua kabla maikrofoni haijazungushwa ukumbini.

"Ufeministi ni mambo ya Beijing." Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Beijing ulikuwa 1995, ule wa Nairobi ulikuwa umeutangulia kwa miaka 10. Na mapema zaidi, mwaka 1965, Kisumu ilikuwa tayari na meya mwanamke, Grace Onyango. Mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini Kenya. Beijing gani hiyo?

"Jinsia maana yake wanawake." Ibara ya 27 ya Katiba inasema watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Wanaume wakiwa wachache, itawalinda wao.

"Mwanamume akivaa gauni jukwaani, basi ni shoga." Hapa huwa nashangaa, maana aliyeuliza pengine alisoma shule ya wavulana. Kwenye tamasha za drama, nani aliigiza mama mkwe? Mvulana wa kidato cha tatu, leso kiunoni, matambara kifuani, na mwalimu mkuu akipiga makofi mstari wa mbele. Uingereza nayo, kabla ya 1660, wahusika wa kike katika kumbi za London waliigizwa na wavulana. Dragi, yaani kuvaa na kuigiza jinsia nyingine jukwaani, ni onyesho: vipodozi, wigi, mikogo iliyotiwa chumvi, na wapo wanawake wanaoigiza wanaume pia. Kweli, Marekani sanaa hii imekulia sana kwenye vilabu vya mashoga, lakini gauni peke yake halikuambii mvaaji anampenda nani. Mwanafalsafa Judith Butler alipoandika kuhusu dragi mwaka 1990, watu walimwelewa kana kwamba jinsia ni nguo unayoichagua kila asubuhi. Hakusema hivyo. Hoja yake ni kwamba uanamke na uanaume tunaouona wa kuzaliwa nao hujengwa kwa matendo yanayorudiwa kila siku, na dragi huuanika ujenzi huo.

"Kuzungumzia ushoga chuoni ni jinai." Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo, kifungo hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Mhadhara si tendo hilo. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kitaaluma na wa utafiti.

Wahadhiri nao wana dhana yao, na hii ndiyo huniudhi zaidi: kwamba ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, kwa Wanandi, Wakisii au Wakuria, ni ushahidi wa usagaji wa jadi. Kwa Wanandi, mama asiye na mtoto wa kiume hulipa mahari na kuoa. Mke huzaa na mwanamume, na wavulana hurithi mali ya nyumba ya yule mama, ambaye kijamii huhesabiwa mume. Tendo la ndoa kati yao halitarajiwi, na ukilidokeza utakaripiwa. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya namna hii katika kesi ya mirathi. Msemaji angeanzia hapo, kwenye mume aliye mwanamke, angekuwa na hoja nzito kuhusu jinsia kuliko hiyo ya kulazimisha, na bibi Mnandi wa Kapsabet aliyeketi ukumbini asingekuwa na sababu ya kusimama kumsahihisha.