Kufuli halijawahi kukuambia kwamba tovuti ni ya kweli

"Lakini kufuli lilikuwepo." Safari hii aliyeniambia hivyo ni mtu ambaye kazi yake ni kuwafundisha wenzake kompyuta. Alilitafuta kufuli, ile alama ndogo tuliyozoea kuiona kando ya anwani ya tovuti kwenye kivinjari, akaliona, akaandika nywila yake kwenye ukurasa wa tapeli kwa moyo mweupe. Wala si mzembe. Alifanya kilekile alichofundishwa, na ubovu uko kwenye somo.

Kufuli lilikuwa na habari moja tu ya kukupa: mawasiliano kati ya kivinjari chako na seva, yaani kompyuta ya upande wa pili inayotunza tovuti, yamesimbwa, kwa hiyo aliyekaa katikati, tuseme mwenye Wi-Fi unayoitumia, hawezi kuyasoma wala kuyachezea njiani. Basi. Seva ni ya nani, halikusema. Ukimwandikia mwizi barua ukaifunga kwa lakiri, itamfikia salama salimini na ataifungua mwenyewe.

Kinachonikera ni imani kwamba nyuma ya kufuli kuna ofisi, na ndani ya ofisi kuna mtu mwenye miwani anayewachunguza waombaji. Hakuna. Cheti, ile hati ya kidijitali inayoiwezesha tovuti kupata kufuli, kile cha kawaida hutolewa na mashine, na mashine hiyo ina swali moja: je, anwani hii iko mikononi mwako? Weka faili hii kwenye seva yako, au ongeza rekodi hii kwenye DNS, daftari la majina ya mtandaoni. Ukiweza, umepata cheti. Tapeli naye anaweza, maana anwani ameinunua, ni yake. Tena tangu shirika la Let's Encrypt waanze kugawa vyeti bure kwa umma mwishoni mwa 2015, halipi hata senti. Siwalaumu, kazi yao ni njema: zamani tovuti chungu nzima zilipitisha nywila za watu waziwazi. Ila kufuli likawa la kila mtu, mwema na mwovu.

Kuna atakayeniambia kuhusu vile vyeti vya daraja la juu, vilivyoonyesha jina la kampuni pembeni ya anwani. Mwaka 2017 mtafiti Ian Carroll alisajili kampuni katika jimbo la Kentucky, Marekani, akaiita Stripe, Inc, sawasawa na kampuni mashuhuri ya malipo, kisha akaombea cheti cha daraja hilo. Akapewa, na hakudanganya popote. Mwaka 2019 vivinjari vya Chrome (cha Google) na Firefox viliyaondoa majina hayo kwenye sehemu ya anwani. Mwaka 2023 Chrome ya kompyuta ikaliondoa na kufuli, ikaweka alama ya mipangilio. Utafiti wa Google wa 2021 ulikuwa umekuta kwamba ni asilimia 11 tu ya walioshiriki walioelewa sawasawa maana ya kufuli. Google wamelifuta, sisi bado tunalibandika ukutani kwenye mabango ya mafunzo.

Basi tutazame nini? Anwani. Na hapa ndipo wenzangu wengi hukimbia haraka mno. Chukua mfano huu: benkiyetu.com.hakiki-akaunti.net/ingia. Jicho linaanza kushoto, linaona benkiyetu.com, linaridhika. Mwenye nyumba yuko kulia. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina (ile miwili ya https haihesabiki), kisha rudi nyuma kuelekea kushoto: .net, halafu hakiki-akaunti. Huyo ndiye mmiliki. Vyote vilivyotangulia ni mapambo, angeweza kuandika chochote. Alama ya @ nayo ina hila yake: kilicho kabla yake pale mwanzoni huchukuliwa kuwa jina la mtumiaji, na safari inaelekea kwenye kilicho baada yake.

Ningependa kuishia hapo nijifanye nimekupa dawa. Lakini sina hakika kwamba kuwafundisha watu kusoma anwani kunafaa kiasi tunachodai. Kwenye simu anwani ndefu hukatwa, unaona kipande. Miisho mingine ina sehemu mbili, kama .co.uk, na kanuni ya "chukua vipande viwili vya mwisho" inakufa palepale. Huduma zinazokodisha kurasa humpa kila mteja kijianwani chini ya jina lao lenye sifa njema, na matapeli ni wateja pia. Mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alionyesha anwani iliyosomeka apple.com ilhali kila herufi ya neno apple ilikuwa ya Kikirili, alfabeti inayotumiwa na Warusi. Chrome ilirekebisha, lakini jicho la binadamu halirekebishiki. Na kampuni halali nazo hutuma viungo vyenye anwani za ajabuajabu za wakandarasi wao, halafu wanatushangaa tunapobofya kila kitu.

Ndiyo maana siku hizi nawaambia watu waache kulitegemea jicho. Programu ya kutunza nywila hailinganishi rangi wala nembo, inalinganisha jina la tovuti herufi kwa herufi. Ikikataa kujaza, simama. Usinakili nywila kwa mkono "kwa sababu leo inasumbua". Najua, hukataa hata kwenye tovuti za kweli zilizobadilisha ukurasa wa kuingia, na hapo ndipo watu huzoea kuipuuza. Sina jibu zuri la hilo.

Tarakimu za kuthibitisha zinazotumwa kwa SMS unapoingia? Bora kuliko kukaa bila kitu, ila ukurasa wa tapeli utakuomba nazo vilevile, na mtambo wake utaziingiza kwenye tovuti halisi kabla hazijaisha muda. Ufunguo wa usalama, kile kifaa kidogo cha kuchomeka, haudanganyiki hivyo, kwa kuwa jibu lake limefungwa na anwani iliyouliza. Kusasisha simu na kutorudia nywila nadhani umeshaambiwa vya kutosha.

Kama umeshaandika nywila kwenye ukurasa usiouamini, fungua tovuti halisi kwa kuandika anwani mwenyewe, badilisha nywila, kisha vitoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Ikiwa ni ya barua pepe, nenda kwenye mipangilio ukatazame kanuni za kupeleka barua mbele, kwenda anwani nyingine. Tapeli hupenda kuacha moja humo, na kubadilisha nywila hakuifuti.