Msimamizi wa jukwaa si mbeba viti

Wengi hapa Nairobi hudhani anayesomea usimamizi wa jukwaa chuoni alishindwa kuigiza, akaachiwa kubeba viti. Si kweli hata kidogo. Tangu mazoezi yaanze, yeye ndiye anayeandika kwenye nakala yake ya tamthilia kila hatua ya mwigizaji, kila badiliko la taa na sauti. Pazia likifunguliwa pale Kenya National Theatre, mwongozaji amemaliza yake, msimamizi, hedifoni masikioni, anamnong'oneza fundi wa taa, "Badiliko la taa namba 14, jiandae," kisha, "Washa!" Asiposema, fundi hagusi kitufe. Kazi nzito hiyo! Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha sanaa za maonyesho, na kijana mtulivu, mwenye mpangilio, anaweza kuichagua kazi hii kwanza, bila kungoja akose nafasi ya kuigiza.