Kwa nini pumzi hupotea upesi ukiacha mazoezi?

Mtu aliyefanya mazoezi miezi sita mfululizo, kisha akapumzika wiki tatu, hushangaa siku anapozirudia ngazi alizozoea kuzipanda huku akizungumza: akifika ghorofa ya tatu anahema, na moyo unamdunda kana kwamba miezi ile haikuwapo. Je, wajua kilichotokea?

Kinachotangulia kupungua si misuli, bali damu. Kukimbia, kuogelea au kutembea kwa kasi huongeza plazima, yaani majimaji ya damu, hivyo moyo hujaa vizuri na kusukuma damu nyingi kwa kila pigo. Mazoezi yakikoma, mwili huanza kuyapunguza majimaji hayo ndani ya siku chache, na moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi ili kazi ileile ifanyike. Kwa wanariadha waliopimwa baada ya kuacha mazoezi, uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulishuka kwa takriban asilimia 7 katika wiki 2 hadi 3 za mwanzo. Kulala kitandani ni balaa zaidi: mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana 5 walilazwa wiki 3 kwa ajili ya utafiti, na walipopimwa tena miaka 30 baadaye ilibainika kwamba wiki hizo 3 ziliwapunguzia uwezo huo kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka. Nguvu za misuli, kwa bahati nzuri, huondoka polepole.

Chakula nacho kimo humohumo. Msuli uliofanya kazi hupokea sukari kutoka kwenye damu kwa urahisi, na hubaki msikivu kwa insulini, yaani homoni inayouamuru mwili kuitoa sukari kwenye damu, kwa muda wa siku moja hadi mbili hivi, kisha athari hiyo hufifia. Ndiyo maana sahani ileile ya chakula, kwa mtu yuleyule, huweza kupandisha sukari kidogo leo na kuipandisha zaidi baada ya juma zima la kukaa kitini. Hata bakteria wa utumbo mpana, wanaotegemea nyuzinyuzi za mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, huanza kubadilika siku chache tu baada ya mlo kubadilika.

Pengine ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linawahesabia watu wazima mazoezi yao kwa wiki, si kwa mwezi: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, pamoja na ya kuimarisha misuli angalau siku 2.

Ugumu, bila shaka, ni kuzoea. Husemwa kwamba siku 21 zinatosha kujenga mazoea, lakini katika utafiti uliofanywa London kwa watu 96 na kuchapishwa mwaka 2009, waliojichagulia jambo dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi kila siku, muda wa kati ulikuwa siku 66. Waliozoea upesi zaidi walikadiriwa siku 18, na waliochelewa zaidi siku 254. Watafiti hao waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuvuruga mazoea yaliyokuwa yakijengeka.