Je, wajua namba 2,147,483,647 ilithibitishwaje kuwa tasa kabla ya kompyuta?

Chukua sangara 30 pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, uwapange chini kwa safu zenye idadi sawa. Watapangika: safu 5 za samaki 6, au safu 3 za samaki 10. Ongeza mmoja wawe 31, na hakuna safu zinazolingana tena. Watakaa mstari mmoja tu. Namba kama hiyo, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, ndiyo namba tasa.

Sasa samaki wakiwa 2,147,483,647 je? Mwaka 1772 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi ambaye macho yalikuwa karibu yamemwishia kabisa, alionyesha kwamba hiyo nayo ni tasa.

Hakuigawa kwa kila namba. Kwanza, hakuna haja ya kupita kipeuo chake cha pili, yaani 46,340 na kitu: kigawo kikiwa kikubwa kuliko hapo, lazima kina mwenzake mdogo ambaye ungeshampata. Pili, na hapa ndipo penye utamu, namba hii ni 2 kwa kipeo cha 31, kutoa 1. Namba za umbo hilo huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa mmoja wa Ufaransa. Kipeo kikiwa namba tasa kubwa kuliko 2, basi kila kigawo chake, ukikigawa kwa kipeo mara mbili, lazima kibakize 1. Angalia 2,047, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 11, kutoa 1. Vigawo vyake ni 23 na 89. Gawa kila kimoja kwa 22, baki ni 1.

Kwa kipeo cha 31 tunagawa kwa 62. Wanaoweza kuwa vigawo ni 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea, jumla 747 tu hadi kufikia 46,340. Tena kigawo kidogo kuliko vyote, ukiacha 1, lazima kiwe tasa, na wanne wa mwanzo si tasa, kwa hiyo wa kwanza wa kujaribiwa ni 311. Euler alizidi kuwapunguza, akajaribu waliobaki, na hakuna hata mmoja aliyeigawa.

Namba hiyohiyo ndiyo kikomo cha saa za kompyuta nyingi za zamani, zinazohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Kwa Mwanza itafika 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi.

Kwa namba za Mersenne zilizo kubwa zaidi, hata njia ya Euler haitoshi. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwa mkono namba tasa yenye tarakimu 39, na hadi 1951 hapakujulikana iliyo kubwa zaidi. Njia yake, iliyonyooshwa baadaye na Derrick Lehmer, haitafuti kigawo hata kimoja. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoichunguza, shika baki, rudia. Hatua ni kipeo kutoa 2. Kwa namba 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5, kutoa 1, hatua ni tatu: 14, kisha 194, baki 8, kisha 62, baki 0. Ukiishia kwenye 0, ni tasa bila shaka yoyote.

Kwa njia hiyohiyo ilithibitishwa namba iliyotangazwa Oktoba 2024, 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kutoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Wewe jaribu 127: kipeo chake ni 7, hatua ni tano, na kikokotoo cha simu kinatosha.