Kwa nini mwezi Mei Tukuyu bado kunanyesha ilhali Mbeya kumeshakauka?

Panda gari pale Uyole mwezi Mei. Jua linawaka, mahindi yanakaukia shambani, vumbi limeanza kutimka. Barabara inapanda, na ukifika Isongole kwenye mashamba ya viazi, mara nyingi ukungu unashuka mpaka madereva wanawasha taa. Ukiteremka Tukuyu unakuta mvua, migomba inachuruzika maji na chai iko kijani kibichi. Kutoka Mbeya mjini hadi hapo ni kama kilomita 70 tu. Inakuwaje?

Milima iko palepale mwaka mzima. Kinachobadilika ni upepo, na hasa upande unakotokea.

Kuanzia Novemba hadi Machi, jua la utosi liko upande wa kusini wa ikweta, na ukanda wa mvua unashuka pamoja nalo hadi Nyanda za Juu Kusini. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, inavuma, na hewa nyingine yenye unyevu inaingia kutoka Kongo. Mawingu ya radi yanajijenga kila upande, kwa hiyo Mbeya, Tukuyu na Usangu, tambarare iliyo kaskazini mwa milima, wote wanapata mvua.

Ikifika Aprili, kusi, upepo wa kutoka kusini, inashika zamu, na hapo ndipo mambo yanapotengana. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, limelala kusini kwenda kaskazini, na sehemu kubwa ya kingo zake ni milima. Upepo wa kusi unapita humo kama maji kwenye mfereji, ukizoa mvuke njia nzima, hadi unapofika Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa. Mbele yake kuna nini? Mashariki, Milima ya Livingstone. Kaskazini, Mlima Rungwe wenye mita 2,960 hivi na safu ya Uporoto. Magharibi, vilima vya Bundali. Njia iliyobaki ni kupanda juu.

Wengi hudhani hewa inayopanda inapoa kwa sababu imefika mahali pa baridi. Sivyo. Inapoa kwa sababu huko juu kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo. Hewa inatanuka, na kutanuka kunatumia joto lake yenyewe. Ikiwa bado kavu, hupoteza karibu nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Mvuke ukianza kugeuka matone, joto lililofichwa ndani yake linaachiliwa, hivyo kupoa kunapungua kasi, nyuzi 5 au 6 hivi. Tofauti hii ndogo ina maana kubwa upande wa pili.

Tupige hesabu ya mfano. Hewa iko Kyela, mita 500 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 26. Inapanda hadi mita 1,100 bila wingu: nyuzi 20. Hapo wingu linaanza, mvua inanyesha njiani, na kwenye mgongo wa mlima, mita 2,500, imebaki na nyuzi 13. Sasa inateremkia Usangu, mita 1,050. Maji imeshayaacha nyuma, kwa hiyo inapata joto kwa kasi ya hewa kavu: nyuzi 14 na nusu. Inafika na 27.5. Usangu iko juu kuliko Kyela kwa zaidi ya mita 500, lakini hewa imefika ikiwa na joto zaidi, tena kavu. Ndiyo sababu Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na tambarare za Usangu zinaambulia 600 hadi 800 hivi.

Ukiwa upande wa Mbeya, tazama wingu lililokaa juu ya mgongo wa Uporoto siku ya kusi. Linaonekana halisogei, japo upepo unalipenya muda wote. Matone yanazaliwa upande wa Rungwe, yanavuka, yanaanza kuteremka na kuyeyuka. Wingu unalolitazama saa nane si matone yale uliyoyaona saa saba.

Pembe nayo ina uzito. Upepo ukigonga safu uso kwa uso, unapanda; ukija sambamba nayo, unateleza pembeni na mvua inakuwa haba. Ukikuta pengo, unabanwa na kuongeza mwendo. Makambako imekaa penye uwazi wa namna hiyo kati ya nyanda za juu, na ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa kwa ajili ya umeme wa upepo.

Usangu, hata hivyo, haijanyimwa kila kitu. Mito ya Chimala, Kimani na Mbarali inaanzia kwenye milima hiyohiyo na kuteremka kaskazini, na mpunga wa Mbarali hunyweshwa kwa maji yaliyonyesha huko juu.