Kwa Nini Wanachama Wapya Huondoka: Dhana Potofu na Ukweli katika Biashara ya Mtandao

Katika biashara ya mtandao, ile ambayo mtu huuza bidhaa za kampuni na pia hupata kamisheni kutokana na mauzo ya watu aliowaingiza, kila kiongozi wa timu anaifahamu hali hii: mtu anajiunga kwa ari, anahudhuria mikutano miwili mitatu, ananunua kifurushi cha kuanzia, kisha baada ya miezi michache hapokei tena simu. Maelezo ya kuondoka kwake hurithishwa kutoka kiongozi mmoja hadi mwingine bila kuhojiwa, na kwa kuwa mengi kati yake si ya kweli, juhudi za kumbakiza anayefuata nazo hugonga mwamba.

Dhana: anayeacha ni mvivu au hana maono

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu humwondolea kiongozi wajibu wa kujichunguza. Mwezi Septemba 2024, watumishi wa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani walitoa ripoti baada ya kupitia taarifa za mapato zilizotolewa na kampuni 70 za aina hii. Walibaini kwamba washiriki wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, kiasi kisichofika dola 84 kwa mwezi, na kwamba taarifa nyingi hazikuzingatia gharama walizobeba washiriki wenyewe. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 na taasisi ya AARP, inayohudumia watu wa umri mkubwa katika nchi hiyohiyo, ulionyesha sura inayofanana: kati ya watu waliowahi kushiriki, asilimia 47 walisema walipoteza fedha, na takriban robo tu ndio waliosema walipata faida.

Basi mwanachama mpya anayenunua bidhaa kila mwezi ili atimize pointi za kumstahilisha kamisheni, anayelipa nauli na kiingilio cha semina, kisha akaona kwamba kinachoingia ni kidogo kuliko kinachotoka, hakuacha kwa uvivu. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Kiongozi anayetaka kujifunza kutokana na kuondoka kwake angemwuliza maswali matatu tu: uliuza nini, uliwauzia akina nani, na baada ya gharama zote ulibaki na kiasi gani? Mara nyingi jibu la swali la pili ndilo hufichua kiini cha tatizo, kwani hutokea kwamba mnunuzi pekee alikuwa yeye mwenyewe.

Dhana: kazi ya kwanza ya mwanachama mpya ni kuingiza wengine

Mafunzo mengi ya siku za mwanzo huanza kwa kumtaka mgeni aandike orodha ya ndugu, jamaa na marafiki, kisha awaalike mmoja baada ya mwingine. Anayefundisha hivyo huchora duara moja, chini yake sita, na chini ya kila moja sita nyingine. Mchoro huo unavutia machoni, lakini ukiufuata hadi ngazi ya 13 unahitaji watu zaidi ya bilioni 13, ilhali dunia nzima ina wakazi wapatao bilioni 8. Ni dhahiri kwamba upanuzi huo hukwama mapema sana, na wanaokwama ni walio chini, yaani wageni walewale tunaodai kuwalea.

Sheria nayo kwa muda mrefu imekuwa ikitilia mkazo mauzo kwa wateja halisi, si uingizaji wa watu. Katika shauri la kampuni ya Koscot la mwaka 1975, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilieleza alama za mpango wa piramidi: mshiriki hulipa fedha ili apate haki ya kuuza bidhaa, pamoja na haki ya kulipwa kwa kuingiza wengine, malipo ambayo hayafungamani na mauzo kwa mtumiaji wa mwisho. Mwaka 1979 tume hiyo haikuihukumu kampuni ya Amway kuwa piramidi, na miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa ni kanuni zake tatu: msambazaji auze angalau asilimia 70 ya alichonunua kabla ya kudai bonasi, aliyeingiza wengine aonyeshe kuwa amewauzia wateja kumi tofauti ndani ya mwezi, na bidhaa za anayeondoka zinunuliwe upya. Mwaka 2016 kampuni ya Herbalife, katika makubaliano na tume hiyohiyo, ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake, ili angalau theluthi mbili ya malipo kwa wasambazaji itokane na mauzo ya rejareja yaliyofuatiliwa na kuthibitishwa.

Kwa hiyo mlezi mwenye busara, yaani aliyemwingiza mgeni na kumwongoza, humpa lengo la aina nyingine kabisa: apate wateja wachache ambao hawana nia ya kujiunga, walioipenda bidhaa kwa bei yake, na ambao watarudi kununua pasipo kubembelezwa. Mwenye wateja wa namna hiyo ana sababu ya kubaki hata mwezi ambao hakumwingiza mtu yeyote. Asiyekuwa nao anaishi kwa matumaini ya mtu mwingine atakayejiunga, na matumaini hayo hayalipi nauli.

Dhana: kununua mzigo mkubwa humfanya mgeni awe makini

Husemwa kwamba aliyeweka fedha nyingi hawezi kukata tamaa kirahisi. Kwa kweli huchelewa kuondoka, ila si kwa sababu anaendelea kukua. Anabaki kwa sababu bidhaa zimejaa ndani na anaona haya kumweleza aliyemkopesha. Akiondoka hatimaye, huondoka na deni na kinyongo. Kanuni za maadili za chama cha kampuni za mauzo ya moja kwa moja cha Marekani zinazitaka kampuni wanachama kununua upya bidhaa zinazoweza kuuzwa tena, kwa angalau asilimia 90 ya gharama halisi aliyolipa msambazaji, iwapo alizinunua ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Mgeni yeyote, popote alipo, anastahili kuulizia kanuni ya namna hiyo kabla ya kutoa fedha, na mlezi wake ndiye anayepaswa kumwonyesha ilipoandikwa. Mimi ningemshauri aanze na kiasi anachoweza kukiuza ndani ya wiki chache, na asiagize tena mpaka hicho kiishe kwa wateja.

Dhana: semina na maneno ya kutia moyo ndiyo humbakiza mtu

Kutiwa moyo kuna nafasi yake, hasa kwa mtu aliyekataliwa mara tano kwa siku moja. Lakini ari ya ukumbini hupoa, na kinachobaki ni stadi: kuieleza bidhaa bila kuipa sifa isiyokuwa nayo, kusikiliza mahitaji ya mteja, kukumbuka lini bidhaa yake itaisha, na kuandika kila senti iliyoingia na kutoka. Daftari la mapato na matumizi ni somo la wiki ya kwanza, wala si la baadaye. Makubaliano ya Herbalife niliyoyataja yaliweka sharti kwamba msambazaji akae katika kazi hiyo mwaka mmoja na apate mafunzo ya biashara kabla ya kukodi mahali pa kufungulia klabu yake ya lishe, yaani sehemu ya kuwahudumia watu kwa bidhaa za kampuni. Naliona sharti hilo kuwa la haki, kwa kuwa linamkinga anayeanza asiingie gharama kubwa kabla ya kuijua kazi.

Ile kauli kwamba kila mtu anaweza kunakili njia ya aliyemtangulia haihitaji maneno mengi. Aliyetangulia alikuta watu ambao hawajafikiwa; anayekuja leo anaingia mahali ambapo majirani wengi wameshaalikwa.

Dhana: mgeni akiambiwa ukweli wa mapato atakata tamaa

Baadhi watakata tamaa, na hao hawakupaswa kuingia. Aliyeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba wengi hupata kidogo au hawapati kitu, akaonyeshwa taarifa ya mapato ya kampuni na akaelezwa gharama zisizoandikwa humo, akiamua kujiunga hatakuwa na la kushangaa mwezi wa tatu. Aliyeahidiwa gari na nyumba huupima kila mwezi kwa ahadi hiyo, na kila mwezi humwonyesha kwamba alidanganywa. Anayeamua kuacha naye atendewe kwa uwazi uleule: arudishe mzigo uliosalia, alipwe anachostahili, asiitwe majina mbele ya kundi, na kama bidhaa ilimfaa aendelee kuinunua akiwa mteja wa kawaida. Ununuzi wake wa wakati huo, usiosukumwa na pointi wala cheo, ndio aina ya mauzo ambayo timu nyingi hazina.